Kwa kinga ya mikono katika njia ya zamani ya treni

Ndugu msomaji, wewe wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi ao wa Kipushi, kinga ya mikono unaijua. Magurudumu matatu, kiti katikati, na mbele ya kifua pedali mbili za kuzungusha kwa mikono, shene inashuka mpaka kwenye gurudumu. Wengine wanaiita trisikle, wengine velo ya walemavu. Umeiona sokoni, umeiona kwenye mlango wa kanisa, umeiona Kasumbalesa ikibeba mifuko mpaka mwenye kuiendesha haonekani tena. Kule Kinshasa, kwa miaka mingi walemavu walivuka mto na kinga zao mpaka Brazzaville juu ya biashara. Na kikundi cha muziki Staff Benda Bilili, ambacho wengi wa wanamuziki wake walipooza miguu kwa polio, kilijulikana dunia nzima tangu 2009, na watu waliwaona jukwaani na mitaani wakiwa juu ya kinga zile zile.

Lakini nikuulize: ulishaona siku moja mtu aliyepanda kinga ya mikono juu ya kutembea tu? Si kutafuta pesa, si kwenda hospitali, si kuomba. Kutoka lupango asubuhi siku ya posho, kupita njia yenye miti, kuangalia maji, kula mkate fasi yenye kivuli, kurudi mangaribi mikono imechoka na roho imefurahi. Kijana mwenye miguu anafanya vile na hakuna anayemwuliza juu ya nini. Ndugu yake mwenye kilema anabaki mu lupango, anaangalia ukuta. Tunasema: anapumzika. Anapumzika nini, na hajatoka?

Basi leo twende safari. Safari yenyewe iko Ulaya, ila itaanza na kuisha na mambo ambayo mtu wa mine anayaelewa vizuri kuliko watu wengine.

Kwanza tuangalie chombo chenyewe. Mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina aliyejitengenezea gari la kuzungusha kwa mikono alikuwa Stephan Farffler, fundi wa saa wa Altdorf, karibu na mji wa Nuremberg, Ujerumani. Miguu yake haikumbeba. Mwaka 1655 alichukua akili ya saa, yaani magurudumu ya meno yanayosukumana, akaitia ndani ya kigari, akaanza kujipeleka mwenyewe. Kinga za kawaida za miguu miwili zilikuja zaidi ya miaka 150 nyuma yake. Fikiria ile: mlemavu alitangulia, wazima wakafuata.

Leo kuna kinga za mikono za namna mbili kubwa. Ile ya kwetu ni ndefu kwenda juu, mtu anakaa kama kwenye kiti cha nyumba, na mara mingi haina vitesi: mzunguko mmoja wa mikono ni mzunguko ule ule, ikiwa tambarare ao mlima. Ile ya michezo iko chini, karibu na udongo, mtu amekaa kama amelala nusu, miguu imenyooshwa mbele, na iko na vitesi mingi. Tena pedali zake mbili hazipishani kama za kinga ya miguu. Zinakwenda pamoja, mikono yote miwili inasukuma na kuvuta kwa wakati mmoja, na hivi mgongo na kifua vinasaidia. Mchezo huu uliingia katika michezo ya Paralimpiki huko Athens mwaka 2004. Vijana wanaopenda mbio za magari watakumbuka Alex Zanardi, dereva Mwitalia wa Formula 1 aliyekatika miguu yote miwili katika ajali ya mbio mwaka 2001. Mwaka 2012, London, alishinda medali mbili za zahabu kwa kinga ya mikono.

Lakini sisi hatuendi mbio. Sisi tunatembea.

Sasa angalia jambo moja ambalo mwenye miguu hafikirii. Mikono njo injini, na injini hiyo ni ndogo. Nyama ya mikono na mabega ni kidogo sana kuliko nyama ya mapaja. Mlima ambao kinga ya miguu inaupanda bila kuusikia, kwa mikono ni ukuta. Hesabu ni nyepesi. Chukua mtu pamoja na kinga yake, jumla kilo 90. Kama njia inapanda mita 2 ndani ya mita 100, ni sawa mtu anavuta mzigo wa karibu kilo 2 bila kuuacha. Hiyo inawezekana kutwa nzima. Kama njia inapanda mita 8 ndani ya mita 100, mzigo ule unakuwa zaidi ya kilo 7. Jaribu kuvuta kilo 7 kwa mikono dakika kumi, kisha uje uniambie. Tena kinga nyingi zinavuta kwa gurudumu la mbele, na mlimani uzito unarudi nyuma: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linazunguka paka bure juu ya changarawe, na mtu anabaki fasi moja.

Kwa hiyo mlemavu anayetaka kutembea hatafuti kwanza njia nzuri ya kuangalia. Anatafuta njia isiyopanda ghafula. Na nani mwingine duniani hawezi kupanda ghafula?

Treni.

Watu wa mine tunajua hii. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza upesi, na nyuma kuna mabehewa yenye kujaa mawe. Kwa sababu hiyo wajenzi wa reli hawapandi mlima. Wanauzunguka, ao wanaukata, ao wanautoboa. Na bonde wanalijaza udongo ao wanalivusha kwa kilalo. Walifanya vile hapa kwetu, reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, juu ya kubeba shaba. Walifanya vile Ulaya, juu ya kubeba makaa ya mawe, yale tunayoyajua kutoka Luena. Kisha mine za Ulaya zilifungwa, moja moja, na treni zikanyamaza. Njia zikabaki porini, tambarare na zimenyooka, na hakuna wa kuzipita. Ni hapo watu walipata akili: ngoa reli, tia gudroni, wape wenye kutembea kwa miguu, wenye kinga, na wenye kinga ya mikono. Upande wa Wallonie huko Ubelgiji, serikali ilianzisha kazi hiyo mwaka 1995 kwa jina la RAVeL, na leo njia hizo zinapita kilomita 1.400.

Ile tutakayopita leo inaitwa Vennbahn, maana yake reli ya mabwawa ya nyasi. Inaanza mji wa Aachen, Ujerumani, kwenye mtaa wa Rothe Erde. Jina hilo, ndugu msomaji, ni «Udongo mwekundu». Mtu wa Katanga atajisikia nyumbani mbele ya kuzungusha pedali. Inaishia Troisvierges, katika inchi ndogo ya Luxembourg. Kilomita 125, inchi tatu. Serikali ya Prussia ilifungua reli hiyo kipande kwa kipande, kati ya 1885 na 1889. Treni zilitelemsha makaa ya mawe ya Aachen kwenda kwa matanuru ya chuma ya Luxembourg na Lorraine, na wakati wa kurudi zilileta mawe ya chuma. Hakuna kurudi mikono mitupu. Hata sisi tunajua biashara ile. Njia yote ya kinga ilikamilika mwaka 2013.

Tuseme basi umekaa ndani ya kinga, asubuhi, mwezi wa 6, maana kule mwezi wa 6 ni wakati wa joto wakati sisi tunatetemeka. Uko mita karibu 200 juu ya bahari. Mbele yako utapanda zaidi ya mita 300, ila kidogo kidogo, ndani ya kilomita zaidi ya 30. Hakuna fasi ambapo reli ya zamani inapita mita 2 katika 100. Mikono inapata mwendo wake, kama mama anayetwanga: si nguvu, ni kufuatisha. Unatoka mjini kati ya nyuma za nyumba na bustani za watu. Unapita juu ya bonde karibu na Kornelimünster, mji wenye abasia ya zamani sana, na chini unaona paa za nyumba. Kwa mtu aliyezoea kutazama dunia kutoka chini, kwenye urefu wa magoti ya wengine, kupita juu ya paa za nyumba si jambo dogo.

Kisha Raeren, Ubelgiji, mahali waliposhika udongo na kufinyanga vyungu vilivyouzwa Ulaya nzima miaka 400 na zaidi iliyopita. Kisha Roetgen, Ujerumani tena, mji wa kwanza wa Ujerumani ambao askari wa Marekani waliingia, Septemba 1944.

Hapa simama, kunywa maji, nikupe mambo ya kuchekesha.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, mkataba wa Versailles ulitoa wilaya za Eupen na Malmedy kwa Ubelgiji. Reli hii ilikuwa kamba iliyounganisha fasi hizo, lakini mahali pengine ilipita ndani ya Ujerumani. Wakubwa wakakata maneno: reli yenyewe, na vituo vyake, itakuwa ya Ubelgiji, hata kama kuume na kushoto ni Ujerumani. Kwa hiyo kukawa mkanda wa Ubelgiji, mwembamba mita chache tu, unaopita ndani ya inchi ingine, na vipande vya Ujerumani upande wa magharibi vikafungiwa kama visiwa. Mpaka leo viko vitano. Kimoja, Rückschlag, ni nyumba na shamba lake tu. Treni zilikufa, reli ziliondolewa, lakini mpaka haukuondolewa: gudroni chini ya magurudumu yako ni Ubelgiji, majani ambayo unaweza kugusa kwa mkono ni Ujerumani. Hakuna askari wa mpaka, hakuna mtu wa kukuomba karatasi. Wewe uliyepita Kasumbalesa, ukingojea na jua kichwani, utaelewa juu ya nini mtu anaweza kupunguza mwendo hapa na kutabasamu peke yake.

Mwenye kuanza, kilomita 20 kwa siku zinatosha. Mwenye mabega yaliyozoea anaweza mara mbili ao tatu. Usiangalie kinga za miguu zinazokupita. Zitakupita tu, na watoto pia watakupita. Jambo la kuangalia ni mwili. Kama miguu na makalio yako hayasikii, mwili hautakuambia kwamba ngozi inakufa. Mto mzuri wa kukalia ni wa lazima kuliko vitesi. Kila nusu saa jiinue kwa mikono, hesabu polepole, damu ipite. Mangaribi angalia ngozi na kioo, ao mwombe mtu wako. Pahali pekundu pasipopotea, kesho usikae juu yake. Wenye kuumia uti wa mgongo wanajua tena jambo lingine: chini ya pahali pa kidonda mwili hautoi jasho vizuri, joto linabaki ndani. Maji ya kunywa, na maji ya kumwagia kitambaa cha shingo. Na kwa ile kinga ya chini, bendera ndogo juu ya fimbo ndefu nyuma ya kiti, maana dereva hamwoni mtu aliye chini ya kioo chake.

Tunaendelea. Lammersdorf, Konzen, sasa uko zaidi ya mita 500 juu. Upepo ni baridi hata mwezi wa 6. Hapo karibu ni mji wa Monschau, na kila mtu atakuambia: lazima uuone, nyumba za mbao na mawe, mto katikati. Ni kweli ni mzuri. Lakini mji uko chini ndani ya shimo la bonde, reli ilibaki juu. Kushuka ni dakika chache. Kupanda tena kwa mikono... Mimi ningekaa juu, nikanunua picha. Kama una rafiki mwenye mgongo wa nguvu, fanya unavyotaka.

Kwa mkono wa kuume kuanzia hapa inafunguka ile inchi ya mabwawa, Hautes Fagnes. Usifikiri mabwawa yenye viboko. Ni uwanja mpana wa nyasi na maji ya rangi ya chai, udongo mweusi kama sponji uliojengwa na majani yaliyooza maelfu ya miaka. Tangu 1957 serikali inalinda fasi ile. Hakuna mbali ni Signal de Botrange, pahali pa juu kabisa pa Ubelgiji: mita 694. Msomaji wa Lubumbashi asicheke sana. Yeye anakunywa chai yake asubuhi kwenye mita 1.200 na hajui kwamba yuko mlimani.

Kisha Sourbrodt, Waimes, na njia inaanza kutelemka. Hapa mikono inapumzika, freni zinafanya kazi. Utafika Sankt Vith, mji wenye barabara pana na nyumba za karibuni. Usiulize ziko wapi za zamani. Katika siku za Noeli 1944 mabomu yaliuvunja mji karibu wote, juu ya njia zake na reli yake. Treni ambayo iliuletea mji maisha ndiyo iliuletea mabomu. Watu wa mine, mambo haya hatuhitaji kufasiriwa.

Chini ya Sankt Vith mabonde yanakuwa kijani, kuna ng'ombe, kuna mto, kuna ngome iliyobomoka huko Burg-Reuland. Watu wanasema Kijerumani, na bado ni Ubelgiji: Kijerumani ni luga ya tatu ya serikali kule, jambo ambalo sisi tuliotawaliwa na Ubelgiji miaka mingi hatukufundishwa sana masomoni. Mbele ya kufika mpaka wa Luxembourg iko tuneli ya treni. Ungetazamia njia ipite ndani yake, tambarare, na ubaridi. Hapana. Tuneli imefungwa, imeachiwa popo, wanalala humo wakati wa baridi. Njia ya watu inapanda juu ya mlima. Njo pale utaona tofauti kati ya akili ya reli na akili ya barabara: mita chache za mlima ule zinamaliza mikono kuliko kilomita nyingi za nyuma. Sina ubaya na popo. Lakini naona watu waliokata maneno yale walikuwa na miguu.

Kitu kingine cha kuangalia, na hiki utakikuta kwenye njia nyingi za namna hii, kule na pahali pengine: pale njia inapokata barabara ya magari, watu wanatia vyuma vya kuzuia motokari na pikipiki. Kusudi ni zuri. Lakini kinga ya mikono ina upana wa karibu santimita 80 na urefu unaopita mita 2, na haiwezi kujikunja kati ya vyuma viwili vilivyopishana. Kilomita 30 za gudroni safi, na chuma kimoja kinakurudisha nyumbani. Kwa hiyo mwenye kupanga safari anauliza kwanza juu ya milango, kisha juu ya milima, kisha juu ya uzuri.

Troisvierges, mwisho. Jina ni «Mabikira watatu»: watu walikuja kuhiji kwa watakatifu watatu wanaoitwa Imani, Tumaini na Upendo, na sanamu zao ziko katika kanisa. Katika kituo cha treni cha mji huo huo, tarehe 1 Agosti 1914 mangaribi, askari Wajerumani waliingia, vita ya kwanza ya dunia ikaanza upande ule. Leo kituo kinafanya kazi, na tangu 2020 treni za Luxembourg ni bure kwa kila mtu katika klasi ya pili. Unapanda treni na unarudi.

Kama nguvu zinabaki, karibu na Aachen iko fasi ingine ambayo ningependa kijana wa Katanga aione: Kelmis, kwa Kifaransa La Calamine. Ilikuwa mine ya zinki, jiwe lile lile ambalo Kipushi imelitoa chini ya udongo. Kampuni ya Vieille-Montagne ilikua hapo, na zinki yake ilifunika paa za Paris. Mine ilikuwa na thamani mpaka mataifa yakashindwa kugawanya: kutoka 1816 mpaka mwisho wa vita ya kwanza, kijiji hakikuwa cha Prussia wala cha Uholanzi ao Ubelgiji, kilikuwa cha katikati, na jina lake Moresnet. Mine ilikwisha. Kilichobaki ni ua. Ua dogo la manjano, linaota paka pale udongo umejaa zinki, fasi ambayo majani mengine yanakufa. Na sasa kumbuka kilima cha Kalukuluku, ile mine ya Étoile, ao vilima vingine vya shaba vya kwetu ambavyo miti haioti: kuna ua letu la buluu, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wa mukuba. Wenye kutafuta mawe walilifuata ili kujua wapi kuchimba. Maua mawili, inchi mbili, tabia moja.

Utasema: sawa, lakini mimi niko Katuba, niko Panda, niko Musonoi, Aachen nitafika lini? Neno lako ni la kweli. Tuzungumze basi juu ya kwetu.

Reli zetu hazikufa kama zile, kwa hiyo usiingie na kinga juu ya reli. Treni inaweza kuja. Barabara kubwa ya Kolwezi na Likasi, na ile ya Kasumbalesa, usizifikiri pia, kwa sababu ya makamio na vumbi. Njia zetu za kutembea ni zile za porini, walizozifungua watu wa makala. Unawajua: mifuko mitatu, minne juu ya kinga moja, wanaisukuma kilomita makumi kutoka msitu wa miombo mpaka mjini. Wanachagua njia kama treni. Mzigo wao ni mzito, hivi hawapandi mlima bure. Wanazunguka kichuguu, wanafuata mgongo wa udongo. Kwa mteremko njia zao ni nzuri sana. Shida ni moja: njia iliyokatwa na kinga ya miguu ina upana wa mpira mmoja. Trisikle ina mipira mitatu. Ule wa mbele unapita ndani ya mfereji, ile miwili ya nyuma inapanda majani kuume na kushoto, na kinga inakwama kama mbuzi kwenye miiba. Dawa ni jembe: vijana wanne, asubuhi moja, wanapanua mita nyingi. Fanya hiyo mwezi wa 5, mvua ikiisha, maana kuanzia mwezi wa 11 udongo mwekundu utashika magurudumu yote.

Lakini mara mingi safari haiishii porini. Inaishia kwenye mlango wa lupango. Pale kuna kanivo, na juu ya kanivo kuna ubao mmoja wa kupita mtu mwenye miguu. Ndugu yako amekaa ndani si kwa sababu ya polio yake, ni kwa sababu ya ubao. Sheria tunayo: ile ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Ubao wa pili haungoji sheria. Mbao mbili, ao betoni, na upana wa mita moja. Kama mlango uko juu kuliko njia, hesabu inayofuatwa fasi nyingi ni hii: kwa kila santimita 1 ya kupanda, santimita 12 za urefu. Ngazi ya santimita 20 inaomba mteremko wa mita 2 na santimita 40.

Na kwa njia yenyewe, kutoka lupango mpaka uwanja, mpaka kanisani, mpaka kwenye maji, unaweza kujua leo kama mikono itaiweza. Tafuta mupira wa plastiki mwangaza, ule ambao fundi wa kujenga anatia maji ndani juu ya kusawazisha ukuta. Pima mita 5 za njia kwa kamba. Kijana mmoja upande wa chini, mwingine upande wa juu, kila mmoja na fimbo yake, maji yakinyamaza mnaangalia yamesimama wapi kutoka udongo. Mkiona tofauti ya santimita 10, hiyo ni Vennbahn, mtu anaweza kwenda kutwa. Santimita 20 ao 25, anaweza, ila muda mfupi, na pahali pa kupumzika juu. Mkiona santimita 40, zungukeni, tafuteni mgongo mwingine wa udongo, kama treni. Andikeni kwenye kijitabu mita kwa mita, na mwenye kinga awe pale pale mnapopima. Yeye njo atakayesema ni wapi pa kupita.